Hamisi Aliyeingia Kwenye Asali

Mkufunzi wa warsha ya uandishi alitutazama kama mwalimu wa hesabu siku ya mtihani, akasema majina ya wahusika yasianze kwa kufanana. Msomaji wa riwaya hasomi jina herufi kwa herufi, analitupia jicho tu. Ukimwekea Ali, Asha, Amina na Abdala ukurasa mmoja, mwishowe anamlilia asiyekufa. Nikainamisha kichwa. Riwaya yangu ilikuwa na hao wote wanne, pamoja na mbuzi anayeitwa Amani.

Nilifika nyumbani Mbagala saa nne usiku. Mswada ulitakiwa kwa mhariri asubuhi yake, na luku ilikuwa imebaki uniti mbili. Nikaamua kuanza na mkubwa wao: Ali awe Hamisi. Nani apekue kurasa 212 kwa macho wakati kompyuta inaweza kutafuta na kubadilisha yenyewe? Nikaandika Ali juu, Hamisi chini, nikabonyeza "badilisha zote". Mashine ikawaza kidogo, ikajibu: imebadilisha mara 5,316.

Nakiri nilifurahi. Kumbe Ali nimemwandika kiasi hicho! Huyo ndiye mhusika mkuu, bwana. Nikahifadhi, nikatuma, nikalala.

Saa tatu asubuhi simu ikaita.

"Kaka, habari za asubuhi. Samahani, huyu Hamisi wako ni jini?"

"Hapana dada, ni fundi baiskeli."

"Mbona anapanda hadi maneno? Sikiliza sentensi yako ya kwanza." Akasoma taratibu, kama anayesoma cheti cha daktari: "Hamisi HamisimsHamisimia Asha kwa mbHamisi."

Kijasho kikanitoka. Kile kisanduku cha "neno zima tu" sikukitia alama, wala kile cha herufi kubwa na ndogo. Na Kiswahili chetu mnakijua: mtu akishafanya jambo, Ali yumo ndani ya kitenzi. Alikula, alilala, walikuja. Kila aliyethubutu kufanya kitu katika riwaya yangu alikuwa amembeba Hamisi mgongoni, na aliyemaliza kitu alibeba wawili. (Nashukuru sikumwita shujaa wangu Ana. Hebu fikiria bwana, kijana, jana na sana.)

"Kuwamo kwenye serikHamisi naelewa," mhariri akaendelea, "huenda ana mjomba huko. HospitHamisi nako sawa, watu wanaugua. Lakini kwenye asHamisi kaingiaje?"

Nikamwomba saa moja tu. Mswada wa zamani sikuwa nao, nilikuwa nimehifadhi juu yake, kwa hiyo nikarudi kinyumenyume: kila Hamisi awe ali. Asali ikawa asali, serikali ikarudi madarakani. Nikautuma kwa mbwembwe na kujipikia chai.

Chai haijapoa, simu.

"Kaka, nipo sura ya saba. Ali anapiga magoti mbele ya mzee ali, anamwomba ali amwoze binti wa ali. Hapa nani anatoa mahari na nani anapokea?"

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba baba yake Asha, tangu sura ya kwanza, anaitwa Mzee Hamisi. Na si yeye tu aliyepoteza heshima: kila sentensi iliyokuwa ikianza na "Ali" sasa ilianza kwa herufi ndogo, kama ujumbe wa mtu anayedaiwa.

Wiki tatu nilikaa na ule mswada, ukurasa kwa ukurasa, nikitenganisha mkwe na baba mkwe. Mke wangu alikuwa akipita mlangoni ananiuliza, "Hamisi hajambo?"

Mwezi uliopita nilikutana na mkufunzi. Akaniambia jina la Asha nalo limezoeleka mno, nilibadilishe, ni kazi ya dakika moja. Nikafikiria mashamba, mashati, mashahidi, na Asha wangu akienda kuwasha taa.

Nikamwambia Asha anabaki.