Mpira wa Pampu na Chai ya Shemeji

Leo alfajiri nimesukuma mpini wa pampu mara mia na arobaini. Nimehesabu. Kilichotoka ni sauti tu: khoo, khoo, kama mzee anayekohoa mlangoni ili akaribishwe ndani. Nyuma yangu foleni ya madumu imefika kwenye mwembe, na kila mama anayewasili ananiambia, "Baba Neema, hebu sukuma kwa nguvu," utadhani nilikuwa naibembeleza.

Ni mpira. Kila mtu anajua ni mpira, kale kampira ka kwenye pistoni, kadogo kama bangili ya mtoto. Pampu yenyewe Afridev, na waliotuletea walituapia imeundwa makusudi ili wanakijiji tuifungue wenyewe kwa spana moja. Moja tu! Siku ya makabidhiano tulicheza ngoma, tukala pilau, tukaambiwa kisima ni mali yenu. Basi tangu hapo kikitoa maji ni chetu, kikigoma ni cha wafadhili.

Nikaona nisipayuke. Mimi ni mtu mzima, tena mjumbe wa kamati ya maji (walinichagua siku nimekwenda kuzika). Nikavaa koti, nikaenda kwa mweka hazina. Tatizo, mweka hazina ni mdogo wake mke wangu.

"Shemeji! Karibu chai."

"Sikuja kunywa chai, shemeji. Nimekuja kuona kitabu."

"Kitabu kina miguu? Kaa."

Nikakaa. Ikaja chai ya maziwa, tangawizi imekolea, na maandazi ya moto. Nakunywa huku najiuliza maji ya chai hii yametoka wapi, maana nyuma ya mlango nimeona pipa limejaa hadi mdomoni. Nilitaka kuuliza, ila andazi lilikuwa limeniziba.

Kitabu kikaja: daftari la shule, kurasa za mbele bado zina jedwali la saba mara saba. Nikavaa miwani. "Kikao cha dharura, soda kreti 2." Sawa. "Nauli ya mjini kuulizia bei ya mpira." Sawa. "Nauli ya mjini kuhakikisha bei ya mpira." Nikameza mate. "Posho ya kikao cha kujadili upungufu wa fedha." Salio: shilingi 1,350.

"Shemeji, na mpira wenyewe?"

"Bei ilipanda."

"Ilipanda lini?"

"Tulipokuwa tunaihakikisha."

Nikainuka kwa hasira ya heshima, ile ya kufunga vifungo vya koti. Ndipo nikaona chini ya mguu wa kabati la vyombo kuna chuma kimeshikilia kabati lisiyumbe. Nikainama. Spana! Spana ya kijiji, ina rangi ya bluu tuliyoipaka wenyewe ili isiibiwe! Nikaivuta kidogo, kabati likalia kwaa.

"Shemeji, ukiitoa hiyo, sahani za mama zote chini."

Mama yake ni mama mkwe wangu. Nikairudisha. Nikaisukuma kabisa kwa kidole gumba, ikae sawasawa.

Mwenyekiti wa kitongoji kasema niandike barua. Mzee mwenye mbuzi hachangii kwa sababu wanaomaliza maji ni mbuzi, si yeye. Kijana wa duka naye anasema anauza soda, kisima kinamhusu nini.

Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilisema mwananchi wa kijijini apate lita 25 kwa siku, asitembee zaidi ya mita 400, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Kutoka mlangoni kwangu hadi kwenye pampu ni hatua 310. Kwa hiyo kwenye makaratasi mimi nina maji. Nikifa kwa kiu itabidi wafute jedwali. Mke wangu katoka saa tisa usiku kufukua mchanga mtoni, na Neema, wa darasa la sita, yuko foleni na sare ya shule, analinda dumu. Jamani, kampira! Kampira tu!

Nikasema basi, nichukue baiskeli nimfuate mama Neema. Gurudumu la nyuma limelala. Nikaikokota hadi kwa kijana wa pancha. Akaitoa tyubu, akaijaza upepo, akaitegea sikio, akatikisa kichwa.

"Tundu dogo hili, mzee. Lete maji kwenye beseni tulione."