Wati Nne Tu, Jamani

Mimi sikuomba makubwa. Wati nne tu. Jirani wa nyuma ana sabufa ikikohoa sufuria zangu zinacheza kwenye rafu, na sijawahi kumwambia neno. Nilitaka wati nne za kusikilizia taarabu polepole kwa betri ya sola ya volti 12, basi.

Ampli yangu ya zamani inachemka kuliko inavyoimba. Umeme mwingi unaishia kwenye bati la kupozea. Mama Zuhura aliwahi kuuliza kama linakaanga yai. Ndipo nikasema niunde ya daraja D. Hii transista zake hazijui nusunusu: zinawaka au zinazima, mara 250,000 kwa sekunde. Muziki unalinganishwa na mawimbi ya pembetatu, inatoka mipigo mirefu na mifupi, koili na kapasita zinaichuja, spika inaimba. Kwenye karatasi nilichora mpaka nikajipongeza.

Transista zenyewe, aina ya mosfeti, ni mbili, moja ya juu, moja ya chini. Sharti lao moja: zisiwake pamoja, betri isije ikapiga shoti; lazima moja izime kabla nyingine haijawaka, kati yao kuwe na kapengo. Mimi kapengo nikakadharau. Sehemu ndogo ya sekunde namna ile, nani ana haraka hiyo? Kumbe betri inayo. Pap! Moshi, harufu, paka katokea dirishani. Nikarudi Kariakoo. Muuzaji akauliza, "Zile za juzi vipi?" Nikamwambia zimetangulia mbele za haki. Akanifungia nne. Yule mtu anajua biashara yake.

Koili nikaizungusha mwenyewe kwa waya wa shaba, mizunguko 24. Nimefika 17, Zuhura na daftari lake: "Baba, saba mara tatu ngapi?" Ishirini na moja. Nikaendelea: 22, 23, 24, nikakata waya.

Ikaimba! Sauti nyororo, mosfeti ukizigusa baridi kama mtungi. Nikaegemea kiti. Wimbo haujafika katikati, hodi. Babu Kombo, redio yake ya masafa ya kati kwapani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Hii imeingia kifua. Inakoroma tangu saa moja."

Moyo ukanipasuka. Ile mipigo 250,000 kwa sekunde ndiyo kilohezi 250, nayo hutoa pia mawimbi ya mara tatu yake: 750, palepale kwenye masafa anayosikilizia yeye. Koili ilitakiwa kuizuia ile mipigo, lakini kwa mizunguko yangu 20 na ubishi, imevuja zaidi, na waya wa spika umegeuka antena.

Nikamwambia aketi. Nikaingia ndani, nikazima ampli, nikatoka na bisibisi. Redio safi. Mzee akaniombea dua ndefu, akanisokomeza elfu mbili mfukoni. Mama Zuhura akauliza nimeirekebisha nini.

"Vumbi," nikasema.

Jana jioni nikawasha tena, wimbo mmoja tu. Kiitikio hakijafika, hodi. Safari hii kaja na redio mbili. Ya pili ya shemeji yake.