Mpiga Mikwaju: Umpishe au Umzibe Njia?

Kwenye viwanja vichache vya tenisi tulivyonavyo Unguja, vingi vyao vya saruji na vingine ndani ya mahoteli ya ufukweni, ubishi wa mabenchini huwa ule ule kila anapoingia mtu mwenye mkono mzito. Kundi la kwanza linasema mwenye nguvu mpishe: mpe mipira laini isiyo na kasi, atwange weee mpaka ajimalize kwa makosa yake. Kundi la pili linajibu kwamba mpira laini kwa mtu wa namna hiyo ni kumkaribisha mezani na kumnawisha mikono. Msogelee, wanasema, mkate muda, kasi yake mrudishie mwenyewe.

Makundi yote mawili yamewahi kushinda mechi, ndio maana ubishi hauishi. Kinachosahaulika ni kwamba mkwaju hautoki mkononi peke yake. Mchezaji wa ridhaa anayepiga kwa nguvu anataka mambo matatu: mpira umfikie baina ya kiuno na kifua, apate muda wa kuvuta raketi mpaka nyuma, na miguu yake iwe imetua. Ukimnyima moja, mkwaju unapungua. Ukimnyima mawili, mpira unakwenda wavuni au ukutani. Kazi ni kujua lipi unaliweza wewe, kwa miguu yako na upepo wa siku hiyo.

Wanaosema mpishe wana ushahidi mkubwa. Fainali ya mwaka 1975 ya Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi ya Uingereza, ilimkutanisha Arthur Ashe, mwenye miaka 31, na Jimmy Connors, bingwa mtetezi. Connors alikuwa akiipenda kasi ya mwenzake. Ukimpigia mpira kwa nguvu alikurudishia na riba. Ashe naye kwa kawaida alikuwa mpigaji wa nguvu, lakini siku ile aliificha. Alikata mipira ikaenda chini kwenye fohendi ya Connors, yaani upande wa kiganja cha mkono wa raketi, akapaisha mpira juu ya kichwa chake alipokuja wavuni, akaanzisha mipira iliyochepuka nje kabisa upande wa bekihendi, ule wa mgongo wa mkono. Matokeo yalikuwa 6-1, 6-1, 5-7, 6-4. Tatizo ni kwamba watu huchukua nusu ya kisa hiki. Wanasikia "mipira laini" wakadhani ulaini ndio silaha. Mipira ya Ashe ilikuwa na mahali pake: ile ya chini ilikuwa chini kweli, na ile ya juu ilitua nyuma ya mtu.

Tazama vipimo. Kutoka wavuni hadi mstari wa boksi la kuanzishia ni mita 6.40, na kutoka hapo hadi mstari wa nyuma ni mita 5.49. Mpira laini unaotua ndani ya zile 6.40 unaruka na kusimama kiunoni mwa jamaa, naye keshaingia uwanjani hatua mbili. Hapo hujampisha, umempa kila kitu kwa pamoja: kimo, muda na miguu. Mpira huo huo ukitua kwenye mita mbili za mwisho kabla ya mstari wa nyuma, unamlazimisha ama arudi nyuma, ama aupige ungali unapanda, ama aupige ukiwa juu ya bega. Ili ufike huko kwa mkono mlaini, lazima upite juu sana. Kipimo chepesi ni kukisia raketi mbili zilizosimamishwa moja juu ya nyengine juu ya wavu, yaani karibu mita 1.4. Wengi hupitisha nusu ya raketi kisha wakalaumu mkakati.

Mpira wa kukata ni kinyume chake: upite karibu na wavu, usiruke zaidi ya goti. Mtu anayepiga bapa, yaani bila kuuzungusha mpira, hawezi kuutoa mpira gotini, akauvusha wavu wa sentimita 91.4 katikati, na akautuliza ndani akiwa ameupiga kwa nguvu zake zote. Mojawapo lazima imshinde. Shika raketi kama ushikavyo nyundo, anza na kichwa cha raketi juu ya bega, uso wake umefunguka kidogo, kisha ipeleke mbele zaidi kuliko chini, kama kisu kinachopaka siagi kwenye boflo. Kosa la kila siku ni kuchinja. Raketi inashuka wima, mpira unapanda unaelea, unatua mfupi, na yule bwana anafurahi. Kosa la pili ni kuukata ukiwa umeshakupita ubavuni. Lazima uukute mbele ya nyonga, la sivyo unachepuka pembeni bila amri yako.

Hoja nzito dhidi ya kumpisha ni jua. Kumpisha maana yake ni kukubali mapigo manane au kumi katika kila pointi, na anayekimbia zaidi ni anayempisha mwenzake, wala si anayetwanga. Katika joto la Januari, na unyevu wetu unaoifanya fulana izame mwilini kabla seti haijafika 3-3, mpishaji asiye na pumzi hufa kabla ya mpigaji. Mwezi wa Ramadhani, mechi za baada ya alasiri, ndiyo kabisa. Hapo mkakati wa mapigo kumi ni wa kusoma tu.

Sasa wa kuziba njia. Nao wana mfano wao: fainali ya Wimbledon ya 1992, Andre Agassi, aliyekuwa akiupokea mpira mapema karibu na mstari, alimshinda Goran Ivanišević na mipira yake mizito ya kuanzisha kwa seti tano. Wazo lenyewe ni hesabu. Mpira unaokwenda kwa wastani wa mita 20 kwa sekunde unavuka mita 24 kwa sekunde 1.2. Ukisogea ndani mita moja na nusu, safari ya kuja inapungua na safari ya kurudi inapungua pia, na mwenzako ndiye anayelipa, kwa sababu yeye ndiye mwenye pigo refu linalohitaji muda. Wewe huhitaji muda mwingi, kwa sharti kwamba usipige. Unazuia tu.

Kuzuia kuna utaratibu wake. Raketi yake inapoanza kuja mbele, ruka kidogo, sentimita chache tu, utue kwa vidole vya miguu yote miwili. Geuza mabega mara moja. Kugeuka huko ndiko kuvuta raketi, na kichwa cha raketi kisivuke bega la nyuma. Kiganja kilegee wakati unasubiri, kikaze mpira unapogusa nyuzi. Ukutane nao mbele ya mwili, kisha usukume sentimita 30 hadi 50 kuelekea unakotaka na usimame hapo. Peleka mshazari, kona kwa kona. Wavu ni wa chini katikati kuliko kwenye nguzo, ambako ni sentimita 107, na mshazari wa kiwanja cha mmoja kwa mmoja ni karibu mita 25.2 badala ya 23.77 za mstari ulionyooka. Umepata karibu mita moja na nusu ya ziada ya kukosea bila kuadhibiwa.

Kinachoharibu ni tamaa. Mtu anauona mpira una kasi, mkono unamwasha, anavuta raketi mpaka nyuma ili "amjibu". Anachelewa, mpira unamkuta tumboni, unatoka pembeni. Wengine wanaegemea visigino, na mwili unaorudi nyuma hauzuii kitu. Na wako wenye raketi nyepesi za gramu 260 ambazo mkwaju mzito huzipindua mkononi. Utepe wa madini ya risasi wa gramu 3 kila upande wa kichwa cha raketi, kwenye saa tatu na saa tisa za uso wake, unapunguza kupinduka huko bila kununua raketi mpya.

Hadi hapa ungesema matokeo ni sare. Kwetu, hata hivyo, kuna kinachoamua, nacho ni upepo.

Kiwanja cha tenisi kinachojengwa kwa mpango hulazwa kaskazini kwa kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisimwingie mtu machoni. Kaskazi inavuma kutoka huko huko kaskazini kuanzia Disemba hadi Machi, na kusi inakuja kutoka upande wa pili katikati ya mwaka. Kwa hiyo upepo wetu mara nyingi haupiti ubavuni, unapita kiwanja kwa urefu wake: mmoja upepo uko mgongoni, mwengine uko usoni. Na kwa kuwa pande hubadilishwa baada ya gemu ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea, kila ukishavuka unacheza gemu mbili upande ule ule, moja ukianzisha wewe na nyengine akianzisha yeye.

Upepo ukiwa mgongoni kwa mpiga mikwaju, wengi hutishika kwa kuwa mikwaju inakuja na kasi ya ziada, wakakimbilia kupaisha. Ni kosa. Mpira wa kupaisha unaobisha dhidi ya upepo unapoteza mwendo hewani na kudondoka katikati ya boksi, tayari kuliwa. Tena ni upande huu ambao yeye mwenyewe hana breki: mkwaju wake bapa hautaki kushuka, unapita mstari wa nyuma kwa mita nzima. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuacha mipira itoke. Mpira unaokufikia hewani usawa wa bega, nawe uko nyuma ya mstari, uachie. Wachezaji wa ridhaa huokoa mipira mingi ya namna hiyo na kumsamehe mpinzani makosa yake. Ile inayotua ndani, ipige kwa uzito kuliko kawaida yako, ukilenga kana kwamba mstari wa nyuma uko mita moja mbali zaidi. Upepo utaushika mpira na kuutuliza ndani. Na mpira wa kudondosha nyuma ya wavu, ambao siku nyengine ni kamari, hapa unakubali, kwa kuwa upepo unauzuia usiende mbele.

Mkibadilishana, upepo uko mgongoni kwako na mambo yanageuka. Mpira wako wa juu na laini, ule wa kumpishia, sasa unatoka nje. Lenga mita moja nyuma ya mstari wa boksi, upe mpira mzunguko wa mbele kwa kuusugua kutoka chini kwenda juu, upepo utaufikisha. Lakini kitu kikubwa ni kwamba mikwaju yake sasa inapambana na upepo, inatua mifupi na kusimama. Huu ndio upande wa kusogea ndani hatua mbili na kuziba njia. Anayebaki mita mbili nyuma ya mstari upepo ukiwa mgongoni kwake anamrudishia mwenzake muda uliokuwa umeshapotea.

Kwa maneno mengine, makundi mawili ya mabenchini yanaweza kuwa sahihi ndani ya mechi moja, tena ndani ya dakika kumi, na kosa la kila mmoja ni kufuata mkakati wake pande zote mbili.

Siku zisizo na upepo, hasa asubuhi mapema, hesabu ndiyo inayoamua. Katika gemu nne za mwanzo, hesabu mikwaju yake 10 tu, ile aliyokusudia kuua nayo. Ikitoka au kugonga wavu minne au zaidi, mpishe bila haya. Hana haja ya kupigwa, ana haja ya kuachwa. Ikiwa ni miwili au pungufu, kumpisha ni kujitia kitanzi, na ni lazima umkate muda hata kama unazuia vibaya. Mitatu ni eneo la ubishi, na hapo tunaegemea kuzuia, kwa kuwa mtu huyo ataboreka kadiri mkono unavyopata moto.

Mipira nayo ina neno. Kopo likifunguliwa, mipira inaanza kupoteza hewa, na ya wiki kadhaa, ambayo ndiyo tunayochezea wengi wetu, hairuki. Mpira usioruka unampendelea mkataji. Mwenzako akija na kopo jipya, mpira utapanda mpaka pale anapopataka, nawe punguza kupaisha. Mchanga uliopeperushwa kwenye kona za kiwanja cha hoteli ufagieni kabla ya kuanza. Anayezuia ndiye anayesimama ghafla, na ndiye anayeteleza.

Kupokea mpira wa kuanzisha si jambo la kuandikia sana. Wa kwanza, rudi nyuma kiasi cha mita moja na uurudishe katikati, nyuma kabisa, ili asipate kona. Wa pili, ule anaorudia akikosea wa kwanza, ingia ndani ya mstari, kwa sababu wapiga mikwaju wengi wa ridhaa hawana mpira wa pili: wana ule ule wa kwanza uliotiwa hofu.

Mkifika taibreki, yaani gemu ya kuamua seti ikiwa 6-6, kumbukeni kwamba pande hubadilishwa kila baada ya pointi 6. Upepo ukiwa usoni kwako katika sita za mwanzo, acha itoke inayotoka, ipige inayotua, na ukivuka na 3-3 umefanya biashara nzuri. Upande unaokuja ni wa kusogea ndani.