Gari langu zuri lilimuumiza Mama mgongo

Mama yangu hakuwahi kusema neno baya juu ya gari langu. Alikuwa akishuka tu, anasimama ameshika mlango, mkono mwingine kiunoni, anangoja mgongo unyooke ndipo apige hatua ya kwanza. Niliona hivyo mara nyingi nikadhani ni umri. Siku moja jirani alitupa lifti, safari ya muda wa karibu saa tatu, kwenye gari lake la zamani, rangi imepauka, rimu zimefunikwa na vile vifuniko vya plastiki. Tulipofika, Mama alifungua mlango, akashuka, akaenda zake moja kwa moja hadi mlangoni huku akimalizia hadithi aliyoianza njiani. Mimi ndiye niliyebaki nimesimama, nalitazama gari la jirani.

Langu lilikuwa jipya kuliko lile kwa miaka mingi. Rimu za inchi 18, tairi nyembamba, springi fupi zilizolilaza chini, usukani mnene wa kimichezo. Nililinunua kwa macho, mgongo haukuulizwa. Na najua si mimi peke yangu, maana mtu akitaja "gari la starehe" wengi wetu tunawaza viti vya ngozi, skrini kubwa na taa za rangi milangoni. Hivyo vyote vinafurahisha kwa wiki ya kwanza. Baada ya hapo mwili unaanza kuuliza maswali yake, na majibu yake yako chini kabisa, kwenye tairi.

Soma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi yako. 205/55 R16 maana yake upana ni milimita 205, na kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana huo, yaani milimita 113 hivi; R16 ni rimu ya inchi 16. Tairi ya 225/40 R18 ina ubavu wa milimita 90. Ukizisimamisha pamoja zinakaribia kulingana kwa urefu, lakini ile ya kwanza ina zaidi ya sentimita mbili za ziada za mpira na upepo kati ya rimu na barabara. Sentimita hizo mbili ndizo zinazomeza ukingo wa shimo kabla haujafika kwenye kiti. Isitoshe, rimu kubwa mara nyingi ni nzito, na uzito unaorukaruka chini ya springi ni kazi ngumu kwa shokapu kuutuliza.

Nilimuuliza fundi kama breki zangu zingeingia ndani ya rimu ndogo. Akapima, akasema zinaingia. Nikatafuta rimu za inchi 16 zilizotumika na tairi zake nene. Kabla ya kubadilisha nilifanya jaribio la kitoto lakini lililonisaidia: niliweka kifuniko cha chupa ya maji juu ya dashibodi, nikapita kwenye kipande cha barabara ninachokijua, chenye viraka vya lami, kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Kifuniko kiliteleza, kikagonga kioo, kikaanguka miguuni kwangu kabla sijamaliza viraka. Baada ya kubadilisha nilirudi pale pale kwa mwendo ule ule. Kilitetemeka, kikasogea kidogo kama kinatafuta pa kukaa, na nilipofika kwenye kona kilikuwa bado kipo. Gari ni lile lile na springi ni zile zile.

Kwa hiyo nikiombwa ushauri, jambo la kwanza ninalosema ni hili: kampuni nyingi huuza gari moja kwa saizi mbili au tatu za rimu. Chukua ndogo. Mara nyingi ndilo toleo la bei nafuu, na ndilo ambalo watu hulipita dukani bila hata kuligusa. Kisha angalia upepo. Karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva inasema tairi zako zinataka kiasi gani, na bado watu huendesha zikiwa zimejazwa hadi zimekuwa kama mawe, halafu wanalaumu shokapu.

Mwili wetu una mambo yake pia. Unaposukumwa juu na chini, huumizwa zaidi na mitikisiko ya kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde. Hata kipimo cha kimataifa cha mtikisiko wa mwili, ISO 2631, kimezingatia hilo. Gari laini hupanda na kushuka kama mara moja au moja na nusu kwa sekunde, mwendo ambao mwili unaupokea bila kujikaza, kama mtu anayetembea taratibu. Gari la kimichezo hupanda na kushuka haraka zaidi ya hapo, na tairi nyembamba huongeza vishindo vidogo vidogo juu yake. Ukishuka umechoka na hujui kwa nini, mara nyingi ni misuli ya mgongo na shingo ambayo imekuwa ikipigana na vishindo hivyo njia nzima.

Haya si maarifa ya jana. Maurice Olley, mhandisi Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce akaenda kufanya kazi Cadillac, Marekani, aligundua katika miaka ya 1930 kwamba springi za nyuma zikirudi haraka kidogo kuliko za mbele, gari hutulia sawasawa baada ya kupita tuta. Sababu yake ni rahisi: magurudumu ya nyuma yanafika kwenye tuta kwa kuchelewa, basi yanahitaji kuwahi ili mbele na nyuma vipande na kushuka pamoja. Bila hivyo gari hunesa kama mashua, na abiria wa nyuma ndiye anayetapika.

Lakini watu walioipenda kazi hii kuliko wote, kwa maoni yangu, walikuwa Citroën wa Ufaransa. Gari lao dogo la 2CV, lililoonyeshwa mwaka 1948, liliagizwa liweze kukatiza shamba lililolimwa likiwa na kapu la mayai bila yai kuvunjika. Naipenda sana amri hiyo kwa sababu haizungumzii nguvu ya farasi wala sekunde. Inazungumzia mayai, na mkulima anayeyapeleka sokoni. Mwaka 1955 wakatoa DS kwenye maonyesho ya Paris, na badala ya springi za chuma wakaweka mipira ya chuma yenye gesi ya naitrojeni na mafuta ya haidroliki, kazi ya Paul Magès. Gesi inabonyea, mafuta yanapita kwenye tundu dogo na kuzima mneso, na gari linabaki kimo kile kile hata ukilijaza watu. Unaliwasha, linainuka taratibu kutoka chini kama mnyama anayeamka. Agosti 1962, wauaji walipoimiminia risasi DS iliyombeba Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa pale Petit-Clamart, karibu na Paris, tairi zilipasuka na dereva aliweza kuendelea na kuwatoa hapo.

Mfumo huo wa gesi na mafuta Citroën waliuacha mwaka 2017, gari lao la C5 lililokuwa la mwisho kuutumia lilipokoma. Ninalisikitikia hilo kwa dhati. Siku hizi wanatumia shokapu zenye mito ya haidroliki mwishoni mwa mwendo wake, na C5 Aircross yenye shokapu hizo ni gari laini kweli kweli. Lakini hakuna tena anayeinuka asubuhi akaagiza gari lisivunje mayai. Magari mengi ya familia leo yanasifiwa jinsi yanavyokata kona, na matangazo yanataja uwanja wa mbio za magari wa Nürburgring, Ujerumani, wenye njia ya karibu kilomita 21 ambayo mama wa watu hatapita hata siku moja maishani.

Kuhusu kelele nitasema kwa ufupi, ingawa inachosha kama vishindo. Lexus walipozindua LS 400 mwaka 1989 walirusha tangazo la bilauri zilizopangwa kama mnara juu ya boneti, gurudumu linazunguka kwa kasi kubwa, na hakuna bilauri iliyoanguka. Toyota Century, gari la wakubwa wa Japani, huuzwa na viti vya kitambaa cha sufu kwa sababu sufu haitoi mlio mtu anapojigeuza kama ngozi inavyofanya, nayo haiwi baridi ukiikalia. Wenye uwezo wa kununua chochote wanachagua kitambaa. Hilo lingetosha kuondoa ile imani kwamba ngozi ndiyo starehe. Na Rolls-Royce, walipotengeneza Ghost ya mwaka 2020, walijaza zaidi ya kilo 100 za vitu vya kuzuia sauti, kisha wakakuta ukimya ule unawasumbua watu, ikabidi waache mnong'ono mdogo ndani.

Magari ya umeme yameleta utulivu wa aina yake: hakuna injini inayonguruma, hakuna gia zinazobadilika. Ila betri ina uzito wa mamia ya kilo, springi zinakazwa ili ziubebe, na wauzaji wanaongezea rimu za inchi 20. Injini ikinyamaza, unasikia tairi na upepo kuliko zamani. Nimepanda ya umeme iliyokuwa laini kama godoro na nyingine iliyonirusha kila tulipopita kiraka, basi kuwa la umeme peke yake hakukuhakikishii kitu.

Sasa kiti. Hapa watu hudanganyika kirahisi, maana kiti kinachokumbatia dukani kwa dakika mbili ni tofauti na kiti cha safari ya saa nne. Kiti laini mno kinakuzamisha, nyonga zinashuka, uti wa mgongo unajikunja kama upinde. Kaa kwenye gari unalotaka kununua kwa dakika 20 bila aibu. Angalia kama mto wa kiti unafika karibu na magoti au unakatikia katikati ya mapaja, kwa sababu mapaja yakining'inia ni miguu inayoubeba mwili. Pitisha kiganja nyuma ya kiuno chako: kikipita bila kuguswa, mgongo wako unaelea. Volvo wamejijengea jina kwenye jambo hili kwa miongo mingi, na Nissan nao wameweka viti vilivyotokana na utafiti wa NASA juu ya mkao wa mwili usio na uzito. Vyote viwili ninavipenda. Halafu nenda kakae nyuma, na hili ndilo watu hawafanyi kabisa. Mnunuzi hukaa mbele, anashika usukani, anatabasamu, anasaini. Wanaokaa nyuma miaka kumi ijayo hawakuulizwa.

Angalia pia kimo cha kiti kutoka chini. Kikiwa usawa wa nyonga, mzee anaketi na kujigeuza. Kikiwa chini, anaanguka ndani na kuvutwa nje. Kikiwa juu sana, anapanda kama ngazi. Gari la Jirani lilikuwa na kimo hicho cha katikati, na nadhani nusu ya siri yake ilikuwa hapo.

Vitufe navyo ni starehe. Kupunguza baridi ya kiyoyozi kwa kugusa skrini mara tatu wakati lori liko mbele yako ni mateso, tena ya hatari. Nimefurahi kwamba Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, kuanzia mwaka 2026 wanataka indiketa, waipa, honi, taa za hatari na wito wa dharura viwe na vitufe vya kushikika ili gari lipate nyota zote. Mkono unapajua mahali, jicho linabaki barabarani, moyo unatulia.

Na kuna starehe ya kulimiliki gari, ambayo haionekani kwenye majaribio. Gari kubwa la kifahari lenye mifuko ya upepo badala ya springi ni kitanda likiwa jipya. Baada ya miaka kumi mifuko inavuja, kompresa inachoka kwa kufanya kazi bila kupumzika, na asubuhi unalikuta limelala upande mmoja. Hapo kila taa ya njano kwenye dashibodi inakukaba koo. Utulivu gani huo? Ndiyo maana nampendekezea mtu wa kawaida Toyota Camry yenye rimu ndogo, au Lexus ES ambayo ni nduguye Camry kwa mifupa, au Škoda Superb ikiwa ana watu warefu wa kukaa nyuma. Mwenye mapenzi na vya zamani, Mercedes ya W124 iliyotunzwa bado inapita kwenye matuta kwa heshima. Haya ni magari ambayo fundi huyafungua bila kukuna kichwa na vipuri vyake vinajulikana. Na hata hayo, shokapu zikiisha na bushi, zile raba za kwenye maungio ya chini ya gari, zikipasuka, yataruka kama mkokoteni; gari nyingi tunazoziita ngumu zimechoka tu.

Langu sijaliuza. Rimu za inchi 18 zimesimama stoo, nimebadilisha shokapu zote nne na bushi za mbele. Safari iliyopita ilichukua muda wa karibu saa nne, na Mama alishuka akatembea bila kushika mlango. Niliingoja shukrani, akaniambia mahali pa kuchomekea mkanda kwenye kiti cha nyuma pamezama kwenye mto wa kiti, vidole vyake havipafikii, na amekuwa akilivumilia hilo siku zote. Nilienda kuangalia. Kweli, pamezama. Jumamosi nitampelekea fundi tuone kama panaweza kuinuliwa.