Lupita, Renée na Oscar ile ya 2020

Kila msimu wa Oscar ukikaribia mabishano ya zamani yanafufuka, na langu ni lile lile, mwigizaji bora wa kike wa 2020. Renée Zellweger aliondoka na sanamu kwa kumuigiza Judy Garland, mwimbaji na mwigizaji wa zamani wa Marekani, halafu Lupita Nyong'o aliyeibeba Us, muvi ya kutisha ya Jordan Peele, akiwa watu wawili kwa mpigo hakuteuliwa, yaani hata kwenye zile nafasi tano hayumo. Wapo wanaosema alidhulumiwa, wapo wanaosema tunalalamika kwa sababu tu ni dada yetu wa Kenya. Hawa wa pili nawaelewa, ila nina wasiwasi wengi wao muvi yenyewe waliiangalia mara moja wakamaliza.

Nianze na Renée maana naye tuzo hakuiokota. Kwenye Judy anaigiza Garland akiwa ameshachoka, yuko London anapiga shoo kutafuta hela, watoto kawaacha Marekani, vidonge na pombe juu, na nyimbo kaimba mwenyewe. Msimu mzima alishinda kila mahali: Golden Globe, SAG (tuzo za chama cha waigizaji wa Marekani), BAFTA ya Uingereza, Critics' Choice, halafu Oscar. Na kulikuwa na deni pale, kwa sababu Garland mwenyewe hakuwahi kushinda Oscar ya kushindana na wenzake, alipewa ile ya heshima ya watoto, na 1955 akapitwa na Grace Kelly. Kwa hiyo ukimpigia Renée ni kama unawalipa wawili, mi sioni ubaya wa kufikiri hivyo.

Ila sasa tuhesabu kidogo. Chukua mwigizaji bora wa kiume, sherehe 15 kuanzia 2005 mpaka 2019, mara 11 tuzo imeenda kwa mtu aliyeigiza binadamu aliyewahi kuishi kweli. Jamie Foxx ni Ray Charles, Philip Seymour Hoffman ni Truman Capote, Forest Whitaker ni Idi Amin (huyu sina neno naye, alikuja mpaka Uganda na Kiswahili akajifunza), Daniel Day-Lewis ni Lincoln, Eddie Redmayne ni Stephen Hawking, Gary Oldman ni Churchill, Rami Malek ni Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja. 11 kati ya 15 jamani! Waliotunga mtu kutoka kichwani wakashinda ni wanne tu kwa miaka yote hiyo. Siyo kwamba hao 11 walikuwa wabovu, ila kuna kitu hapa. Ukimuigiza mtu anayejulikana mpiga kura anakusahihisha kama mtihani ambao majibu yako nyuma ya kitabu, anafungua video ya zamani, anaangalia mkao, anasikiliza sauti, anaona kweli umepatia. Na 2020 kwa wanawake, watatu kati ya watano walioteuliwa walikuwa wanaigiza watu halisi: Renée, Cynthia Erivo akiwa Harriet Tubman na Charlize Theron akiwa mtangazaji Megyn Kelly.

Lupita hakuwa na video ya kufananishwa nayo. Ile sebule tu inatosha kunipa hoja. Familia imekaa kwenye kochi, mbele yao wamekaa watu wenye sura zao hao hao wamevaa maovaroli mekundu, na Red, yule mwenye sura ya mama, anaanza kuhadithia kwa sauti kama ya mtu ambaye hajaongea miaka mingi, anavuta hewa ndani badala ya kuitoa, huku Adelaide, mama mwenyewe, analia kimya kimya. Wote wawili ni Lupita! Mmoja macho hayapepesi, mwingine kila kiungo kinatetemeka, na wewe unasahau kabisa kwamba alirekodiwa upande mmoja kisha mwingine.

(Ambaye hajaiona aruke hapa.) Mwisho tunajua kwamba Adelaide tuliyekuwa naye tangu mwanzo ndiye aliyetoka chini ya ardhi, wanakoishi hao wa maovaroli mekundu, na Red yule wa kutisha ndiye mtoto halisi aliyeibiwa maisha. Rudia sasa kuangalia. Kile kipande cha kwenye gari anamfundisha mwanae kufuata mdundo huku yeye mwenyewe anapiga vidole nje ya mdundo, mara ya kwanza unaona ni mama tu hajui muziki, mara ya pili nywele zinakusimama. Lupita anamuigiza mtu anayejifanya binadamu wa kawaida, kwa kiasi kidogo sana usishtuke mapema lakini ukirudi ukikute kilikuwepo muda wote. Sikumbuki kazi nyingine mwaka ule iliyodai kiasi hicho.

Wanaompinga wana hoja pia. Stori ya Us ina mashimo, ukianza kuuliza hao wa chini wanakula nini na nguo wanashonewa na nani utachoka. Kuna na ile sauti, Lupita alisema chanzo chake ni ugonjwa halisi wa koo, watu wenye ugonjwa huo wakaumia kuona unatumika kutishia watu, akaomba radhi. Hilo lina uzito, silipuuzi. Hoja ya kwamba muvi ilitoka Machi ikasahaulika ndiyo siinunui, maana Get Out ya Peele huyo huyo ilitoka Februari na ikashinda Oscar ya mswada bora (script).

Naona tatizo liko kwenye kura zenyewe. Uteuzi wa waigizaji unapigwa na waigizaji wenzao peke yao, unapanga majina kwa namba, na usipopata wa kutosha wanaokuweka namba moja unaachwa hata kama wengi wanakuheshimu. Muvi ya kutisha wengi wanaiweka namba nne huko. SAG walimteua Lupita pamoja na Erivo, Scarlett Johansson, Theron na Zellweger. Wanne wakavuka mpaka Oscar, akatoka yeye akaingia Saoirse Ronan. Na Lupita huyo huyo 2014 Oscar walimpa tuzo bila kusita akiwa mtumwa anayechapwa mijeledi, kama ambavyo Hattie McDaniel alipewa 1940 akiwa mtumishi wa ndani na Octavia Spencer 2012 vile vile.

Kwa hiyo kura yangu: Lupita, Scarlett Johansson, Renée, Ronan, Erivo. Ningemtoa Theron, na mashabiki wake msinirukie, ile sura ya Megyn Kelly ilikuwa kazi ya watu wa mekapu na wao walishapewa Oscar yao usiku ule ule.