Mkate unaotungoja, nguo inayokua na mtoto

Mkate ninaopika nyumbani haunipunguzii matumizi. Naanza na hilo kwa sababu akina mama wengi hapa Lubumbashi wameingia kwenye unga na hamira kwa ahadi kwamba wataokoa pesa; wakishapiga hesabu ya makala (makaa ya kupikia), sukari na mafuta, wanajiona wamedanganywa, na wanaacha. Wenye tanuri kubwa hununua unga kwa magunia, huwasha moto mara moja na kutoa mamia ya mikate. Mimi hununua kilo mbili kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, na kuwasha mbabula, jiko letu la makaa, kwa ajili ya watu sita. Hakuna mashindano hapo. Na ngano yenyewe nchi yetu ya Kongo hailimi ila kidogo sana, karibu yote hutoka nje. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya ngano duniani mwaka 2022, mwenye tanuri na mimi tulilia pamoja, maana tunachota kisima kimoja.

Nguo nazo ni vilevile. Ukienda penye mitumba utapata gauni la mtoto kwa bei isiyofikia hata ile ya kitambaa, uzi na zipu. Anayewaambia wanawake washone ili wabane matumizi hajapita sokoni siku nyingi.

Basi kwa nini naendelea, mimi ninayefanya kazi ya uhasibu mjini, ninayetoka mtaa wa Bel-Air asubuhi na kurudi jua likizama?

"Mama, unapataka saa gani ya kufanya ile yote?" Wenzangu kazini huniuliza hivyo, na ndani ya swali nasikia shaka kwamba labda nina wasaidizi wengi au silali. Nalala vizuri. Jibu langu ni kwamba mkate na nguo vinamfaa mama mwenye shughuli kuliko kazi nyingine nyingi za nyumbani, kwa kuwa vinakubali kuachwa. Bukari, yaani ugali, huwezi kuusonga nusu ukaenda kumwogesha mtoto. Pasi ukiiacha juu ya shati, shati limekwenda. Lakini unga uliolowa na hamira unaendelea bila wewe, na pindo lililoshonwa nusu linakaa hadi keshokutwa bila kuharibika. Kinachotushinda ni kuzitafutia kazi hizi siku nzima iliyo tupu, na siku hiyo haiji watoto wakiwa wangali wadogo.

Nieleze mkate wangu unavyokwenda, maana maneno matupu hayamsaidii mtu. Saa kumi na moja asubuhi, maji ya chai yakiwa motoni, nachanganya kilo moja ya unga, chumvi gramu 20, maji kama gramu 650 na hamira kidogo sana. Sikandi. Nakoroga hadi unga mkavu usionekane tena, nafunika beseni, naenda kuwaamsha watoto. Mwalimu wa upishi atakuambia ukande dakika kumi, naye ana haki kama unataka kuoka baada ya saa mbili. Ukiuachia muda wa saa kumi na mbili, muda ndio unaokanda: gluteni, kile kinachofanya unga wa ngano uvutike, hujipanga yenyewe ndani ya unga uliolowa, na hamira chache, zikila polepole, huacha ladha ambayo mkate wa haraka hauna.

Hali ya hewa ya kwetu inabadilisha kila kitu, na vitabu vya mapishi vya Ulaya haviwezi kukusaidia hapo. Tuko juu, kama mita 1,200, na Juni na Julai usiku unashuka chini ya nyuzi 10. Wakati huo natia kijiko kizima cha chai cha hamira na kuliweka beseni karibu na jiko. Oktoba, kabla ya mvua, joto linapita nyuzi 30 mchana, na unga ule ule ungechacha kabla ya saa nane. Basi Oktoba nabana hamira kwa vidole viwili tu, natumia maji ya mtungi, beseni linakaa sakafuni kwenye saruji. Ni mambo ya kujua mara moja, kisha mkono unakumbuka wenyewe.

Jioni mbabula inawashwa kwa bukari kwa vyovyote. Hapo ndipo hesabu ya makala inapoanza kuwa ya haki. Watu wakikaa kula, makaa yaliyobaki yanafanya kazi ya pili: sufuria nzito yenye mchanga wa vidole viwili chini, ndani yake bati la mkate, mfuniko juu, na sehemu kubwa ya makaa juu ya mfuniko. Robo tatu ya saa hivi. Ukiugonga mkate chini ukalia kama una uwazi ndani, umeiva. Unalala kwenye kitambaa hadi asubuhi, na mkate uliolala unakatika vipande vizuri kuliko ule wa moto.

Sehemu ya maji wakati mwingine naibadilisha na uji mzito wa mahindi uliopoa. Mkate wa uji haukauki upesi, na watoto wakiupaka karanga za kusaga wanafika mchana bila kulalamika. Wangu wanatoka nyumbani kabla ya saa moja, na chakula kingine hawakioni hadi masomo yaishe. Mkate mweupe mwepesi wa njiani, wenye hewa nyingi, hauwafikishi. Hiyo ndiyo faida ninayoipata, na sitaki kuificha nyuma ya pesa.

Wapo mama wanaoamka usiku wa manane umeme ukirudi, wakaoka, wakapiga pasi, wakajaza maji, halafu saa kumi na moja wako macho tena. Nawaheshimu, na najua wengi hawana njia nyingine. Ila mkate usiwe miongoni mwa vitu vya kuamkia. Usingizi wa mama una thamani kuliko mkate wowote, na mtoto anaona upesi tofauti kati ya mama aliyelala na mama aliyeoka usiku kucha.

Kuna historia hapa kwetu inayonifanya niwe mkali juu ya jambo hili. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya kuchimba shaba iliyoundwa mwaka 1906, ilipoamua mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba wafanyakazi wakae kambini pamoja na wake na watoto, ilianza pia kuwashughulikia wanawake. Baadaye kukawa na foyer social: wake wa wafanyakazi wakifundishwa kushona, kusuka sweta, kupika, kulea mtoto na kupanga nyumba, na wasaidizi wa jamii wakapita manyumbani kutazama kama mafunzo yanafuatwa. Hata baada ya kampuni kuwa mali ya taifa mwaka 1967 na kuja kuitwa Gécamines, desturi ile iliendelea. Mama mkwe wangu alipita huko. Mishono yake hadi leo imenyooka kuliko ya mafundi wengi ninaowajua, na yeye ndiye aliyenionyesha kukata kitambaa kwa kufuata uzi wake ili gauni lisijizungushe mwilini baada ya kufuliwa.

Namshukuru kwa ufundi. Kipimo kilichokuja pamoja na ufundi ndicho ninachokikataa. Sindano ilitolewa kama cheti cha mke mwema: anayeshona na kuoka amestaarabika, asiyeshona anamwaibisha mumewe mbele ya kampuni. Kampuni zile za wakati ule zimebadilika, lakini kipimo bado kinatembea makanisani na kwenye vikao vya familia. Msichana anayeolewa anaulizwa kama anajua kushona. Kaka yake hakuna anayemuuliza. Mama mwenye mkate wa nyumbani anasifiwa "mama wa kweli", na yule aliyenunua mikate njiani akitoka zamu ya usiku hospitali, ambaye labda amewashika mkono wagonjwa usiku kucha, anajisikia mdogo. Hilo ni baya, na sisi tunaooka tunapaswa kuwa wa kwanza kulikataa.

Kisha tazameni ufundi ulivyowaponyoka walioufundisha. Miaka ya 1990 uzalishaji wa Gécamines ulipoporomoka na mishahara kuchelewa miezi mingi, na tena mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondoka kwa malipo ya mara moja, nyumba nyingi za mji huu zilisimama kwa mikono ya wanawake: maandazi ya asubuhi, sare za kwaya, nguo za harusi zilizoshonwa sebuleni kwa mashine ya mguu, shamba nje ya mji. Waliyofundishwa kwa ajili ya kupamba kambi yakawa riziki. Nikiwaza sababu ya kutaka watoto wangu wajue unga na uzi, nawaza hao.

Nasema watoto, wa kike na wa kiume. Mwanangu wa kwanza ni mvulana, na ndiye anayeuunda mkate jioni nikichelewa kazini. Mume wangu ndiye mwenye makaa. Anayapanga juu ya mfuniko kwa uangalifu kuliko mimi. Nyumba ambayo mkate wake unakwama mama akiugua imempa mtu mmoja kazi ya wote.

Sasa nguo. Hapa nakata zaidi ya ninavyoongeza. Shati lenye kola sishoni, suruali ya kitambaa kizito sishoni, nguo yangu ya sherehe sishoni. Hizo nampelekea fundi na namlipa bei yake. Wapo wanaosema kwamba mama akijishonea anamnyima fundi kazi; kwangu imekuwa kinyume. Tangu nilipotia zipu kwa mkono wangu sijawahi kubishana bei ya zipu na mtu. Anayejua kazi ilivyo ngumu halipi kwa kunung'unika, na nadhani mafundi wa mji huu wangekula vizuri zaidi kama wateja wao wote wangewahi kushona hata mfuko mmoja.

Ninachoshona ni kile kinachokua na mtoto. Kikwembe kimoja, yaani kitenge, ni yadi mbili, kama mita 1.80, kinatoa gauni la binti wa miaka sita, na mabaki yanatosha kaptura ya kulalia ya mdogo wake. Nafua kitambaa kwanza, kwa sababu pamba hunywea, kisha naacha pindo la sentimita nane, limekunjwa mara mbili. Mwaka unaofuata nafungua mkunjo mmoja. Gauni la mitumba, hata likiwa zuri, kwa kawaida halina pindo la kufungua. Kiwandani kila sentimita ya kitambaa huhesabiwa. Ndipo nguo ya mkono inapoanza kuwa ya bei nafuu, katika mwaka wa pili na wa tatu, wala si siku ya kuikata.

Sare ya masomo ndiyo inayonishughulisha kuliko zote. Masomo ya msingi katika shule za serikali yalitangazwa kuwa bure tangu Septemba 2019, lakini shati jeupe na sketi ya bluu bado ni juu ya mzazi, na Agosti nzima mafundi wamezidiwa. Kama wanavyozidiwa kabla ya tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, na kabla ya Noeli. Kwa hiyo sketi nazianza Julai, watoto wakiwa likizoni na baridi ikitufungia ndani. Mashine yangu ni ya mguu, haiulizi umeme. Jumapili moja baada ya kanisa nakata; siku za kazi nashona mshono mmoja, nainuka. Mapindo yote nayaweka kwa ajili ya sindano ya mkono, kwa kuwa hayo yanabebeka kwenye mkoba: nayashona nikimngoja mtoto kwa daktari wa meno, au kwenye kikao cha wazazi kisichoanza saa iliyotajwa.

Kuna miezi ambayo hakuna kinachoshonwa. Desemba ni kufunga hesabu kazini, na nyumba inakula mkate wa kununua bila maneno. Mtoto akishikwa na malaria, beseni linakaa tupu. Nilipokuwa na kitoto kichanga nilisahau hata hamira iko rafu gani, na ilikuwa sawa kabisa. Anayetaka nione aibu kwa hilo aje kwanza abebe mtoto mgongoni huku akipanga hati za forodha.

Kwa anayeniuliza aanzie wapi, namwambia nusu kilo ya unga siku ya Ijumaa, ili Jumamosi kuwe na nafasi ya kuutazama, na kaptura ya kulalia ya mtoto yenye mpira kiunoni. Vipande viwili tu, mishono minne, hakuna kifungo. Pale mpira unapoingilia, acha upenyo wa vidole viwili bila kushona kabisa, kwa upande wa ndani: mpira utachoka kabla ya kitambaa, na utaweza kuuvuta na kuingiza mwingine kwa pini bila kufumua kitu.