Bosi Hashuki Mpaka Afunguliwe

Ukiniona pale Posta nimeegesha, nimekaa ndani ya gari kimya, vioo vimefungwa, natazama mbele kama waziri anayesubiri walinzi wake, usinichukie. Sijidai. Mlango haufunguki kwa ndani.

Kitasa kipo, tena kinang'aa. Kilichokatika ni waya mwembamba ndani ya mlango, ule unaounganisha kitasa na loki. Ukikivuta kinakuja chote mpaka kwapani, mlango umetulia tuli. Mwanzoni nilikuwa nashusha kioo, natoa mkono, najifungulia kwa nje. Nikafanya hivyo miezi mitatu, mpaka siku kioo chenyewe kilipotumbukia ndani ya mlango, pwaa! Kumbe kioo chote kile kizito kilikuwa kimeshikiliwa na kibanio cha plastiki, na plastiki ikishapigwa jua la Dar es Salaam miaka kumi inavunjika kama biskuti. Fundi akakipandisha kwa mikono, akakitia kabari ya mbao, akaniambia, "Mzee, kuanzia leo hiki siyo kioo, ni ukuta."

Mtauliza kwa nini nisitokee mlango wa abiria. Jaribuni nyinyi, na kitambi hiki, kuvuka ule mnara wa gia na lile sanduku la kuwekea mikono. Nilijaribu mara moja nje ya msikiti. Nikakalia honi. Imamu alikuwa kwenye hotuba.

Basi siku hizi nikifika mahali napiga honi kidogo, kijana wa maegesho anakuja mbio, ananifungulia. "Karibu, bosi!" Nashuka polepole, watu wanageuka. Mia tano. Nikienda dukani, mia tano. Nikienda msibani, mia tano. Kwa hesabu zangu kitasa kipya nimeshakilipa mara mbili, ila sijakipata. Kwenye maduka ya vipuri pale Gerezani ukiulizia kitasa cha IST, kale kagari kadogo ka Toyota, unaulizwa wa kulia au wa kushoto, na wakati unafikiri kimeshafungwa kwenye gazeti. Ukiulizia cha gari langu, muuzaji anavuta kwanza kiti, anakaa. Anakupigia simu mtu, yule anampigia mwingine, na jibu linarudi: kipo, ila kinauzwa na mlango mzima.

Jina la gari silitaji. Wenyewe wana mawakili na mimi nina madeni. Jueni tu ni lile la kifahari, refu, pana, la kuwabeba wakubwa. Lilipokuwa jipya lilikuwa na bei ya ghorofa. Mimi nimelinunua kwa bei ya IST yenye namba za usajili za D, kwa mzee mmoja mstaafu aliyenikabidhi ufunguo huku akitabasamu. Lile tabasamu nimelielewa baadaye.

Na injini haina neno! Hapo ndipo uchungu ulipo. Lingekuwa linakufa barabarani ningeliuza vyuma, tukaachana kwa amani. Injini inavuta, gia zinaingia kama kisu kwenye papai, ila ngozi yote inambabuka. Ni kama kuoa mtu mwenye moyo wa dhahabu ambaye kila asubuhi anadondosha kiungo kimoja mezani.

Nikiliwasha asubuhi linanisalimia kwa Kijapani. Lilipitia Japani kabla ya kuja huku, na kuna mwanamke ndani ya dashibodi anayeongea kila siku sentensi ile ile, kwa adabu sana. Mwaka mzima nilikuwa namwitikia, "Aleikum salaam, mama." Mtoto wa jirani anayejua kutafuta mambo kwenye simu akanitafsiria: anasema kadi haijaingizwa. Ile kadi ya kulipia barabara za haraka za Japani! Naishi Kigamboni. Ushuru wa barabara ninaoujua mimi ni wa daraja.

Vile vitufe vya dashibodi nao. Vilipakwa utando laini, eti ukigusa usikie raha. Raha yenyewe imeyeyuka. Sasa vinanata kama halua iliyosahauliwa juani. Ukiwasha kiyoyozi kidole kinabaki, ukikivuta kinaondoka na alama. Nilikuwa na vitufe vimeandikwa, leo nina vitufe vyeupe kama meno, najua kwa kukariri tu kwamba cha tatu kutoka kushoto ni baridi, na cha nne mama mkwe alikibonyeza tukapata joto la kwenye siti mwezi Januari. Akadhani amepata kiharusi.

Siti ni za ngozi halisi. Ile ya dereva ubavu wake wa kulia, unaosuguliwa kila unapopanda na kushuka, umechanika sponji ikatoka. Na mimi mtoto wa mjini nikasema ngozi ni ngozi, kama ya kiatu. Nikanunua kiwi ya kahawia, nikapaka, nikasugua kwa brashi, ikang'aa kweli. Ijumaa nikavaa kanzu yangu nyeupe. Waliokuwa safu ya nyuma yangu sijui waliswali nini siku ile.

Tuje kwenye bodi. Kwenye kingo za milango, karibu na bolti, rangi ilianza kuota malengelenge madogo madogo, kama tetekuwanga. Nikampelekea mnyoosha bodi. Akatoa sumaku, akaigusisha mlangoni, ikaanguka chini. Akaijaribu kwenye boneti, ikaanguka. Akanitazama kwa huruma. "Mzee, hili gari ni sufuria."

Nikajibu kwa ukali kidogo. Akanituliza. Kumbe bodi yake sehemu kubwa ni aluminiamu, ili gari liwe jepesi. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu kama bati, lakini ikigusana na chuma kingine, mfano bolti ya chuma cha pua au cha kawaida, na katikati ukawepo unyevu wenye chumvi, inaanza kuliwa polepole. Unga mweupe unajijenga chini ya rangi na kuisukuma juu. Sasa tafuta Tanzania nzima mahali penye unyevu wenye chumvi kuliko uani kwangu, hatua mia nne kutoka baharini. "Huwezi kuchomelea?" nikauliza. Akasema mashine yake ni ya mageti. Tukakubaliana apige msasa, apake puti na rangi. Rangi akaipata "ile ile kabisa". Saa sita mchana ni ile ile. Jioni mlango mmoja unakuwa wa zambarau.

Taa za mbele zilikuwa zimeingia ukungu wa njano, macho ya mtu mwenye manjano hasa. Siyo kioo zile, ni plastiki ngumu iliyopakwa utando wa kuzuia jua, na utando ukishakwisha jua linaipika plastiki yenyewe. Nikaambiwa dawa ya meno inasaidia. Inasaidia, nisiseme uongo. Nilisugua tyubu nzima, taa zikarudi kama mpya, nikawaita na majirani. Wiki tano baadaye zikawa njano kuliko mwanzo, maana ule utando wa kinga dawa ya meno hairudishi, inakwangua tu hata kidogo kilichobaki. Nyumbani tukapiga mswaki kwa chumvi mpaka mwisho wa mwezi.

Halafu masika. Ee Mola. Gari hili lina kidirisha cha juu, sanrufu, na mimi naegesha chini ya mwembe kuliepusha na jua. Hakuna aliyeniambia kwamba sanrufu haizuii maji yote. Ilivyoundwa, maji yanaruhusiwa kuingia kwenye mfereji wake, kisha yanashuka kwa mipira minne myembamba iliyofichwa ndani ya nguzo za gari na kutokea chini. Mipira ikizibwa na majani na vumbi, maji yanatafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni kichwa changu. Siku moja nakata kona ya Kilwa Road, mvua imeisha saa nzima nyuma, jua linawaka, nikamwagiwa maji bilauri moja ya baridi, sikio la kulia. Nikakata kona nyingine, sikio la kushoto.

Kapeti likalowa. Chini ya kapeti kuna sponji nene, chini ya sponji kuna nyaya, na sponji ile haikauki kwa kuacha milango wazi. Ilinuka mbuzi, tena mbuzi aliyenyeshewa. Nikampa lifti mfanyakazi mwenzangu, akawa anageuka geuka kutazama siti ya nyuma. Mwisho akashindwa. "Umemfikisha salama lakini?" Na pale chini ya kioo cha mbele, kwenye mfereji wa vipangusio, ukaota mche. Mke wangu akasema mwembe, mimi nikasema mstafeli. Tuliuacha wiki mbili tujue nani kashinda.

Mlango wa buti sitauzungumzia sana. Zile shokapu za gesi zinazouinua zimeishiwa nguvu, naushikilia kwa mpini wa ufagio. Shemeji yangu aligusa ufagio. Anaendelea vizuri.

Lakini yote hayo nilikuwa nayabeba. Aibu kubwa ilitoka juu, kwenye dari.

Kile kitambaa cha dari hakikushikwa na ubao moja kwa moja. Katikati kuna sponji nyembamba, na joto na unyevu vikiishughulikia miaka, inageuka unga wa rangi ya chungwa. Kitambaa kinakosa cha kushika, kinaanza kuning'inia kama chandarua. Kilianza nyuma, kikaja katikati, mwisho nikawa naendesha nimekivaa kichwani kama kilemba. Mjuaji mmoja akaniuzia gundi ya viatu. Nikapaka, nikabandika, ikashika siku nne. Dawa yake ni kushusha ubao wote, kuukwangua sponji ya zamani mpaka uwe mtupu, na kupuliza gundi inayovumilia joto. Mimi nilikuwa nabandika kitambaa kwenye vumbi.

Siku ya nne hiyo ikawa Jumamosi ya harusi ya mpwa wangu.

Familia yote ilikubaliana kwamba bibi harusi abebwe na gari la mjomba. Nani angekubali apande IST wakati mjomba ana gari la wakubwa? Likapambwa maua na riboni, malengelenge yakafunikwa, na mimi mwenyewe nikalipenda upya. Matarumbeta mbele kwenye pikapu, mpiga video amekaa juu ya boneti ya gari la pili, bibi harusi nyuma na shangazi yake, shela nyeupe imejaa siti nzima. Tulipofika mlangoni kwa ukumbi nikakanyaga breki kidogo tu.

Dari likashuka lote kwa pamoja. Kimya kimya, kama usiku.

Nasikia nyuma, "Mjomba? Mjomba!" Nageuka, naona mafurushi mawili yanahangaika chini ya kitambaa, na unga wa chungwa unaruka kama bizari. Nikataka kushuka nimwokoe mtoto wa dada yangu. Nikavuta kitasa. Kikaja mpaka kwapani. Napiga honi, wapiga tarumbeta wakadhani nimenogewa, wakaongeza. Nagonga kioo, mpiga video akasogea akanichukua vizuri. Kwenye ile video, dakika mbili nzima, naonekana ninacheza.

Shangazi ndiye aliyetuokoa. Alifungua mkoba, akatoa zile pini za kubania shela, zenye kichwa cha lulu bandia, akaanza kudunga dari moja baada ya nyingine huku akinitaja kwa majina ambayo marehemu mama hakunipa. Pini kumi na saba. Kisha akampangusa bibi harusi, akaifunika sehemu iliyobaki na chungwa kwa ua, wakashuka wanapigiwa vigelegele. Mimi nilifunguliwa wali ulipokuwa umeshagawiwa.

Zile pini sijazitoa. Nitazitoaje, dari litarudi kichwani.

Juzi usiku nimempa lifti kijana mmoja wa ofisini, hawa wanaojua magari kwa mtandao. Amekaa, taa ya ndani ikawaka, akainua macho. Lulu zote zikawa zinametameta. Akanyamaza muda mrefu.

"Bosi," akasema kwa sauti ya chini, "hizi ndizo zile dari za nyota? Za kuagiza?"

"Hapa nchini hazifungwi," nikamwambia. "Sasa shuka, zunguka upande wangu, unifungulie mlango."